Waacheni Wapige Juu ya Kirikuu

Kuna picha imezunguka wiki hii kwenye status za madijei wa hapa Dar. Kijana kakaa juu ya kreti la soda nyuma ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kontrola ya kuchanganyia muziki kaipakata mapajani, spika mbili zimefungwa kwa kamba ya manila, na mbele yake watu wa jogging, fulana za njano, jasho linawatiririka. Chini yake mtu kaandika: "Dijei wa mchakamchaka 😂😂😂." Ikasambazwa na wengine, kila mmoja akiongeza vicheko vyake.

Baadhi ya waliocheka nawafahamu. Mmoja wao, nasema kwa upendo, mara ya mwisho kupiga mbele ya watu ilikuwa harusi ya dada yake, na hata pale emsii alimkatisha. Lakini ana kadi za biashara. Ana nembo. Ana picha kapiga studio, hedifoni shingoni, kanuna, moshi wa bandia nyuma. Kitu pekee ambacho hana ni mahali pa kupiga, na huyo ndiye anayemcheka mwenye mahali pa kupiga.

Tuambiane ukweli kuhusu mlango wa klabu kwa dijei asiye na jina. Unampelekea meneja flashi yenye miksi yako. Flashi hairudi. Ukibahatika unapewa Jumanne saa mbili usiku, wahudumu bado wanafuta meza, na unaambiwa uje na marafiki "wanaojiweza". Wakinywa, umefaulu. Wasipokunywa, "dogo, bado hujaiva." Malipo? "Chukulia kama unajitangaza." Unajitangaza kwa nani, kwa viti? Saa nne anaingia dijei wao, anachomoa waya wako wimbo ukiwa katikati, hata salamu hakuna, na wewe unarudi nyumbani na bodaboda kwa hela yako mwenyewe. Hapo ndipo tunapoambiwa ndiyo jukwaani. Kirikuu ni aibu.

Hivi wanaocheka wanadhani kazi hii ilizaliwa Masaki kwa wenye nazo? Agosti 11, 1973, kule Bronx, New York, dijei Kool Herc alipiga kwenye ukumbi wa wapangaji wa jengo namba 1520 Sedgwick Avenue kwa sababu mdogo wake, Cindy, alitaka hela ya nguo za kurudia shule. Kiingilio senti 25 kwa wasichana, 50 kwa wavulana. Leo dunia nzima inahesabu umri wa hip hop kuanzia usiku ule. Hapa kwetu Clouds ilikuwa disko la kuhamahama, spika zinapakiwa na kushushwa, kabla haijawa redio mwaka 1999. Na singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini, ndiyo kabisa, haikumpigia meneja yeyote magoti. Ilikulia kwenye vigodoro, zile sherehe za kukesha mtaani, kule Manzese, Tandale na Mburahati, chini ya maturubai, umeme umeunganishwa kwa jirani. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa kazi za studio ya Sisso, Mburahati hiyohiyo, na vijana wakaanza kukatiwa tiketi za kwenda kupiga Ulaya wakati klabu nyingi za mjini kwetu bado zinauita muziki wa wahuni. Wote hao wangewekwa kwenye status.

Sasa turudi kwenye hiyo jogging, maana naona watu wanacheka kitu wasichokijua.

Njoo Temeke Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, kiza hakijaisha vizuri. Watu wameshajipanga. Kirikuu iko mbele, jenereta imefungwa kwenye bodi, dijei kageuza mgongo kwa dereva. Yaani anawatazama wote usoni, kutoka yule kijana wa mbele mwenye kifua wazi hadi mama wa mwisho kabisa aliyejifunga kitambaa kichwani na kuapa hatasimama. Nitajieni klabu moja mjini ambako dijei anaziona nyuso za watu wake namna hiyo. Kule unaona taa na simu. Hapa ngoma isipowaingia unaiona miguuni ndani ya nusu dakika: hatua zinapishana, mstari unakatika, watu wa katikati wanaanza kupiga soga. Huna pa kujifichia.

Halafu kuna hesabu. Mtu anayekimbia taratibu anapiga hatua kama 150 hadi 170 kwa dakika. Amapiano ya Afrika Kusini mnayoipenda iko kwenye mapigo 112 hivi kwa dakika. Iweke, uone. Watu watayumba tu barabarani, hawajui wakimbie au wacheze. Singeli ikipanda hadi 300 kwa dakika wanaosikia kwa haraka watasema mnataka kuua wazee, lakini dijei anayejua anawaacha wakanyage pigo moja na kuruka moja, wanapata 150, wanaruka nayo kutoka Tandika hadi Mtoni bila kujua wamefikaje. Hilo hukuti kwenye video za mafunzo. Linafundishwa na kilima.

Na bado kuna mwimbishaji. Wenye jogging zao wanajua: pale mbele yupo mtu mwenye filimbi anayeimbisha, na yeye ndiye mfalme. Akifungua mdomo, muziki unashuka. Akimaliza, unapanda palepale, usiwahi wala usichelewe. Ukimfunika sauti mara mbili, ya tatu anakuja mwenyewe dirishani kwa dereva kuuliza huyu dogo kaletwa na nani. Madijei wangapi wenye majina wanajua kumwachia emsii nafasi? Nimekaa kwenye maharusi ya mamilioni, emsii anamtangaza baba mzazi wa bibi harusi na dijei anamfunika kwa ngoma kwa sababu anadhani wageni wamekuja kumsikia yeye.

Kontrola inakaa juu ya kipande cha godoro, la sivyo kila shimo la barabara linakurukia kwenye wimbo. Laptopu unaifunika kanga jua likichomoza. Mbele ukiliona turubai na viti vya plastiki vimetandazwa hadi barabarani, huulizi, unazima. Kuna msiba. Msafara wote unapita kimya, watu wanatembea, wengine wanaingia kutoa pole na jasho lao, ndipo mnaendelea. Msikitini vilevile. Dijei wa mtaani anajua ratiba ya adhana kuliko ratiba ya mpira, na kama kuna adabu nyingine ya kazi hii inayozidi hiyo sijaifahamu.

Halafu mnasema hawalipwi. Kweli, asubuhi ile analipwa mafuta ya jenereta na bakuli la supu. Lakini mnajua wale ni akina nani? Yule mama wa mwisho ni mweka hazina wa kikoba. Yule mzee wa kaptula ana binti anaagwa Novemba. Jogging za Dar si mbio tu jamani, ni watu wanaozikana na kuozeshana. Wakikuzoea kila Jumapili asubuhi, send-off ikija hawatafuti dijei mtandaoni, wanasema "si yupo yule kijana wetu." Kijana wetu! Mnajua ni miaka mingapi mtu anahangaika na nembo na moshi wa bandia ili aitwe hivyo?

Kwangu mimi mahali pazuri pa dijei mchanga ni pale ambapo mtu anaweza kuondoka. Basi. Klabuni mtu kalipa kiingilio, kaagiza, kavaa, kasubiri usafiri. Hata upige vibaya atabaki ili hela yake isipotee, na ikifika saa saba kinywaji kinakusaidia kazi. Utajuaje kama unajua? Kijiwe cha kuoshea magari hakina huruma hiyo. Kuna kimoja Tabata ninapopendelea kwenda Jumapili mchana, kina supu ya kongoro na kivuli kizuri, na wateja wengi ni watu wazima waliokulia kwenye bendi za Msondo na Sikinde. Siku moja dogo mgeni kaja, kafungulia ngoma za kwake, anajiita jina lake kwenye maiki kila baada ya sekunde kumi. Mzee mmoja akavumilia, akavumilia, akainuka. "Kijana, nipe funguo." Muoshaji akamwambia, "Mzee, gari bado lina povu." Mzee akasema, "Litakaukia njiani." Akaondoka na povu lake, barabara nzima inamtazama.

Dogo yule, nampa heshima zake, hakukasirika. Akanyamaza maiki. Akatafuta rhumba, akaiweka, wawili waliokuwa wamesimama wakakaa. Nusu saa baadaye alishajua kuingiza kitu kipya kidogokidogo katikati ya vya zamani, na kuna baba akauliza, "Hii nayo nani kaimba?" Somo hilo angelipata wapi Jumanne mbele ya viti?

Kwingine kupo, si lazima wote tukimbie. Saluni za vinyozi: mteja mmoja yuko kwenye kiti, wanne wanasubiri, spika ndogo inatosha. Minadani, kama Msalato pale Dodoma kila Jumamosi, nyama choma na vumbi, beba kitambaa cha kufutia. Mahafali ya kidato cha nne, ambapo wanafunzi wanajua ngoma iliyotoka jana usiku na mkuu wa shule anajua neno moja baya lililomo, kwa hiyo sikiliza nyimbo zako hadi mwisho kabla ya kwenda. Mabonanza ya maveterani. Kitchen party, na hapa nasema na mabinti wanaojifunza mashine: zipo nyingi ambazo akina mama wangependa aliye nyuma ya spika awe mwanamke, na madijei wanawake bado ni wachache. Promosheni za maduka ya simu Kariakoo sizipendi, pale unashindana na spika ya duka la pili na la tatu, hakuna anayesikia kitu. Ila ukiwa na kodi ya kulipa, sawa.

Haya, na mimi niseme yao wanaobisha. Klabu ina mitambo mizuri, hilo silipingi. Besi ya kirikuu inaishia magotini na masafa ya juu yanaliwa na upepo. Vumbi linaua mashine, na mashine ni ghali. Na ndiyo, kelele ni kero. Wapo wenzetu wanaodhani kupiga mtaani maana yake ni kumnyima usingizi mgonjwa wa nyumba ya tatu, ndiyo maana vigodoro vilipigwa marufuku na wengi wakashangilia, na ndiyo maana watu wa mazingira, NEMC, wanaingia kwenye mabaa na vipima sauti. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla hujafunga waya. Muombe, mwambie saa ya kuanza na saa ya kumaliza, halafu maliza saa hiyo. Jisajili BASATA, baraza la sanaa, foleni ni fupi kuliko malalamiko yako. Wanaosema kibali kinaua sanaa, wengi wao hawajawahi kukiomba.

Lakini kuna mahali ambapo nakataa kabisa, na najua hapa nitapoteza marafiki. Daladala. Kuna vijana wameanza kupanda na spika, wanapiga vituo viwili vitatu, wanapitisha kofia. Wanafuata kanuni yangu ya kwenda kwa watu, wanasema. Hapana. Abiria wa Gongo la Mboto aliyebanwa mlangoni mguu mmoja, kiwiko cha mtu kiko sikioni, katoka kazini tangu alfajiri, ataondokea wapi? Hawezi hata kuinua mkono kuziba sikio. Huyo si msikilizaji, ni mateka, na ukimfanya mateka hutajua kama umempendeza hata akitoa mia tano.

Wakenya watanibishia. Watasema Nairobi nganya, zile matatu zilizorembwa, zimewatoa madijei wengi tu. Kijana wa Umoja au Buru Buru anamrekodia konda miksi, konda anaizungusha mji mzima, jina linafika Rongai kabla mwenyewe hajafika. Nakubali, kwa shingo upande. Ila kule abiria anaichagua nganya kwa muziki na michoro yake, ataziacha tatu zipite akiisubiri anayoitaka, kwa hiyo bado ana namna ya kuondoka. Hapa kwetu unapanda ile uliyowahi kuingilia dirishani, na ukiwa na bahati begi lako linaingia pamoja na wewe.