Kauri Dhaifu Inayodumu Kinywani

Wauzaji wa bloku za kauri zinazochongwa kwa mashine ili kutengeneza meno hupenda kutanguliza kipimo kimoja, yaani nguvu ya kuhimili kupindwa. Kwa kipimo hicho kauri ya zirkonia ya kawaida hufikia megapaskali (kizio cha mkazo) 1,000, ile ya lithiamu disilikati hukaribia 400, na kauri ya feldispa haivuki sana 150. Wengi wameshaamua, kwa orodha hiyo tu, kwamba kuweka feldispa kwenye gego ni kumpunja mgonjwa.

Hata hivyo, ni feldispa iliyotumika mfumo wa CEREC, wa kuchonga meno ya kauri kwa kompyuta, ulipoanza kutibu wagonjwa Zürich mwaka 1985, na vijazo vya aina hiyo, yaani vipande vinavyoziba sehemu ya jino iliyoharibika, vilivyowekwa katika kliniki moja ya Uswisi vilifuatiliwa kwa miaka 17. Takriban asilimia 89 vilikuwa bado havijashindwa. Ni kweli kwamba kazi ilikuwa ya daktari mmoja makini, na kwamba vingi kati ya vilivyoshindwa vilivunjika. Lakini miaka 17 ya kutafuna si jambo dogo kwa kitu kinachoitwa dhaifu.

Sababu ni kwamba maabara hukipinda kipande kikiwa peke yake, ilhali kinywani kijazo hakikai peke yake. Asidi ya haidrofloriki inayopakwa kabla ya kubandika hula kioo kilichomo katika feldispa na kuacha vishimo vidogo mno. Gundi ya resini huingia humo na kushikamana na enameli, tabaka gumu la nje la jino, upande wa pili, hata ufa unaotaka kuanzia chini unakosa nafasi ya kufunguka. Zirkonia haina kioo cha kuliwa hivyo.

Wanaotetea zirkonia wana haki yao. Kwa anayesaga meno usingizini, kwa daraja la meno ya nyuma, au kwa jino fupi lisiloweza kuwekwa kavu wakati wa kubandika, ningeichagua bila kusita, kwa kuwa chembe zake huvimba kwenye ncha ya ufa na kuubana. Udhaifu wenyewe pia si sifa. Lakini mwaka 2015 kampuni ya 3M iliacha kupendekeza Lava Ultimate, bloku yake ya resini iliyochanganywa na kauri, kwa mataji ya meno, yaani vifuniko vya jino zima, ingawa nguvu yake, megapaskali 200 hivi, ilizidi ya feldispa. Tatizo halikuwa kuvunjika, bali kubanduka, na kubanduka hakumo katika kipimo ambacho wauzaji hutanguliza.