Kamuulize Mzee

"Dipoziti ulimpa mzee. Kamuulize mzee."

Hayo niliambiwa langoni pa ploti moja huku Umoja, Nairobi, siku niliyokuwa nahama. Mzee mwenyewe tulikuwa tumemzika miezi mitatu nyuma. Wapangaji tulichanga, tukakodi matatu, tukamsindikiza hadi kaburini. Aliyenijibu ni kifunguamimba wake, ambaye tangu wiki ya matanga alikuwa akipita mlango kwa mlango kila tarehe 5 kuchukua kodi. Kodi ya baba ameirithi. Dipoziti yangu, ati, ilizikwa na baba.

Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimpi mtu funguo kwa kuwa tu ni mtoto. Kama hakuna wosia, familia huanzia kwa chifu kuchukua barua, ikafungua kesi, tangazo likatoka katika gazeti rasmi la serikali, na mwenye pingamizi akapewa siku 30. Hapo ndipo mahakama humteua msimamizi wa mirathi. Anayejitwalia mali kabla ya hapo ametenda kosa chini ya kifungu cha 45: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Elfu kumi! Ploti ile inaingiza hizo kabla watu hawajamaliza chai ya asubuhi.

Faini si hoja yangu, lakini. Msimamizi halali hupokea mali pamoja na mzigo wake: atalipia mazishi, atalipa madeni, ndipo agawe kinachobaki. Kwa Kadhi nako ni vivyo hivyo, deni hutangulia fungu la mrithi. Na dipoziti ni deni, hata kama hakuna benki iliyoliandika. Upangaji nao haufi kwa kuwa mwenye nyumba amekufa. Huwezi kumrithi mtu mkono wa kupokea tu, ukauacha wa kutoa.

Wapo pia wanaobebeshwa yasiyo yao. Mama mmoja jirani yetu alifuatwa na wadai matangani, daftari mkononi, mumewe hata hajazikwa. Wazee wakamwambia dawa ya deni ni kulipa. Sawa, lakini kutoka mfuko gani? Deni la marehemu hulipwa kwa mali ya marehemu. Mali ikiisha, mdai hana haki ya kumgeukia mjane, isipokuwa kama mjane alitia saini ya udhamini yeye mwenyewe. Huyu hakutia saini popote. Aliuza cherehani yake, na hakuna aliyemzuia, mimi nikiwemo.

Dai langu nimeliandika. Nakala nilimpelekea binti wa mzee, maana ndiye aliyekwenda kwa chifu. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nina risiti.

Ninayo. Sahihi ya baba yake iko chini.