Mshale Ulisema Tumesimama

Nimeamua kusimulia mwenyewe kabla hamjaletewa toleo la tatu. La kwanza mmeshalisikia: eti nimempigia magoti mama mkwe katikati ya mtaa wa Makorora hapa Tanga, nikiomba nipunguziwe mahari. La pili nimelipata asubuhi hii kutoka kwa mtu anayekaa Muheza, wilaya nyingine kabisa. Muheza, jamani! Huko nasikia nilikuwa nalia. Sikulia. Lilikuwa vumbi.

Msambazaji ni swahiba wangu wa kufa na kuzikana, ambaye siku hiyo alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye pikipiki hiyo hiyo. Na video anayo. Nitamfikia.

Honda yangu wengi mnaijua, CG125 ya marehemu mjomba, ile iliyokuwa nyekundu. Injini haijawahi kunivunjia heshima. Ugonjwa ulikuwa mbele. Ukilitikisa tairi kushoto kulia linagonga ko, ko, ko, na mshale wa spidi umelala kwenye sifuri tangu mjomba yu hai. Yeye alipima mwendo kwa baraghashia: ikianza kunyanyuka kichwani, anapunguza mafuta.

Fundi wa pale kona alitaka 25,000. Beringi mbili, kijigiya cha spidi, na jasho lake. Nikaona ananionea. Spana ninazo, Jumamosi ninayo, na mahari sijaimaliza, 25,000 haziokotwi.

Mafundi mliomo humu, shusheni mikono. Najua. Ngojeni.

Nikaipandisha kwenye kreti la soda, nikachomoa ekseli, tairi likatoka. Upande wa breki kuna ile sahani inayobeba shuu, yaani viatu vya breki, na humo humo Wajapani ndimo walimoficha mtambo wa spidi: ringi yenye masikio mawili. Masikio yanaingia kwenye nafasi zake ndani ya habu, kile kitovu cha tairi. Tairi likizunguka linaichukua ringi, ringi inakizungusha kijigiya cha msokoto, kijigiya kinazungusha waya ndani ya gamba lake mpaka juu kwenye saa ya spidi. Na kule juu waya haujafungwa kwenye mshale hata kidogo! Unazungusha sumaku, sumaku inakikokota kikombe chembamba, kikombe ndicho kinachouinua mshale, halafu springi nyembamba kama unywele inaurudisha chini. Haya yote niliyajua Ijumaa usiku. Ndiyo maana Jumamosi asubuhi nilikuwa mtu hatari.

Namba za kilomita nazo zilikuwa hazitembei, kwa hiyo saa haina kosa, ugonjwa uko chini. Nikajiona daktari bingwa. Na kweli, nilipoifuta ringi kwa mafuta ya taa nikakuta sikio moja limepinda. Kuna fundi wa zamani alikaza nati masikio yakiwa hayajaingia mahali pake, yakabanwa. Nilimsema fundi huyo nisiyemjua kwa dakika kumi nzima. Mtu mzima unafungaje kitu bila kuangalia kama kimekaa? Sentensi hiyo muiweke pembeni, tutaihitaji.

Sikio nikalinyoosha kwa koleo. Beringi ya zamani nikaenda nayo dukani mkononi, nikapewa pacha wake wawili, nikazigongea kwa soketi inayokaa ukingoni, siyo katikati. Hapo nilifanya kazi safi, msinichukulie poa. Grisi nikaipaka kama siagi kwenye mkate wa mgeni, waya wa spidi nao nikausindilia kuanzia chini mpaka ncha ya juu. Kumbe ncha ya juu haipakwi. Hilo nalo lilinisubiri.

Wakati wa kurudishia, akili yangu yote ilikuwa kwenye masikio. Nimelizungusha tairi polepole mpaka yakaingia, nimekagua mara tatu. Nikalisukuma kwa mkono, na kule juu mshale ukatikisika. Mshale wa marehemu! Niliita nyumba nzima waje kuona.

Sasa naomba mtulie. Kwenye mguu wa shokapu kuna kinundu cha chuma. Kwenye sahani ya breki kuna mfereji. Kinundu kinakaa ndani ya mfereji, na hicho peke yake ndicho kinachoizuia sahani isizunguke na tairi unapobana breki. Mimi sahani niliigeuza kidogo ili waya wa spidi usijikunje, kinundu kikabaki nje kinanitazama. Nikakaza nati. Nikafuta mikono. Breki nzima ya mbele imeshikiliwa na nyaya mbili na dua za mama yangu.

Swahiba akaja. "Twende nikurekodi mshale ukipanda." Njia za majaribio ziko nyingi Tanga, barabara za Ngamiani zimenyooka hizo mpaka zina namba. Nikachagua mtaa wa mchanga wa kwa akina mchumba wangu. Nilitaka nionekane. Basi nimeonekana.

Tunaingia mtaani, simu iko begani kwangu, swahiba anasoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. "Ishirini! Ishirini na mbili! Ishirini na tano, mtaalamu!" Na mimi badala ya kutazama njia natazama mshale, natabasamu ndani ya helmeti. Nilipoinua macho, mama mkwe anavuka. Ana kanga mbili, ndala, na sahani ya mihogo imefunikwa kawa. Havuki kwa haraka. Mama yule hajawahi kufanya kitu kwa haraka.

Nikakanyaga ya nyuma na kubana ya mbele. Ya nyuma, Mungu aibariki, ilituteremsha mpaka mwendo wa baiskeli ya mzee. Ya mbele ilifikiri kidogo. Halafu chini pakalia krak! na sahani ya breki ikaamua kuondoka na tairi. Waya wa breki ukavutwa, na ukivutwa ndivyo breki inavyozidi kubana. Mimi mkono nimeshaachia, breki haijaniachia. Waya wa spidi ukajiviringisha kwenye ekseli kama nyoka aliyeona shimo.

Hapo ndipo nilipotazama mshale. Msiniulize kwa nini, macho yalikwenda yenyewe. Ulikuwa unateremka. Kumi na tano. Kumi. Sifuri. Taratibu, kwa adabu zote. Sahani ikishazunguka pamoja na tairi, ringi na kijigiya vinakwenda pamoja, kijigiya hakizungushwi tena, mshale unalala. Kwa mujibu wa kipimo nilichokitengeneza kwa mikono yangu miwili, tulikuwa tumesimama.

Tulikuwa hatujasimama.

Tairi la mbele likaganda, la nyuma likaiaga ardhi. Swahiba akashuka kwa nyuma kama abiria aliyefika kituoni, simu haikutikisika hata kidogo, ndiyo maana video imetoka nzuri vile. Mimi nikapita juu ya usukani. Nilikuwa na muda mwingi sana huko juu. Nilikumbuka kinundu. Nilikiona kabisa kichwani, na mfereji wake, na yule fundi wa zamani niliyemsema dakika kumi. Kisha nikatua kwenye mchanga kwa magoti yote mawili, viganja chini, kichwa nimekiinamisha, hatua moja kutoka kwenye ndala za mama mkwe.

Sasa sikilizeni niwaambie kinachoniuma kuliko goti. Helmeti yangu ina kioo cheusi. Hakunitambua! Angeniona mwendawazimu fulani, ningeinuka, ningekokota mkweche wangu, yangekwisha. Mdomo wangu ndio ulionisaliti. Umelelewa vizuri mno. Umeona mtu mzima, ukasema:

"Shikamoo, mama."

Mtaa mzima kimya. Hata kuku wa jirani alisimama mguu juu.

"Marahaba, baba," akajibu, kwa sababu shikamoo haiachwi chini. Kisha akainama, kawa mkononi haijasogea, akachungulia kwenye kioo. "Ala! Kumbe ni wewe? Umeanguka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja.

"Hapana, mama. Nilikuwa napita, nikaona si vizuri nipite bila kukusalimia."

Video inasikika vizuri hapo. Inasikika na swahiba anavyokosa pumzi.

"Haya, inuka basi, baba, umeshasalimia," akasema mama, akaendelea na safari yake na mihogo yake.

Yaliyobaki ni mafupi. Goti limechubuka, suruali imekufa, nyaya mbili zimekatika, mkono wa sahani umepinda. Nilimkokotea fundi yule yule wa kona. Akachukua 45,000, kazi ikamchukua muda wa chai moja, na swali aliloniuliza lilikuwa moja tu: "Hiki kinundu ulidhani pambo?"

Mshale unafanya kazi, nashukuru. Ila ile grisi imepanda mpaka ndani ya saa, sasa mshale unanata. Hapa ninapoandika pikipiki iko nje, imezimwa, imeegeshwa chini ya mwembe, na inasema tunakwenda arobaini.

Swahiba anadai video ameshaifuta. Muongo. Jana usiku mchumba wangu ameniandikia. Jumapili wazee wetu wanakwenda kwao kumalizia habari ya mahari, nikadhani anataka kujua saa ya kuwapokea. Kumbe katumwa:

"Mama anauliza, na wazee nao watasalimia kwa magoti, au ni kwa wenye pikipiki tu?"