CBGB haikuwa ya mastaa peke yao

Ndugu mwandishi, asante kwa kuukumbuka CBGB, ukumbi wa muziki wa New York, ila makala yako imewataja wanabendi wa roki wa Ramones, Blondie na Talking Heads kana kwamba ukumbi ule ulikuwa wao tu. Hilly Kristal alipoufungua mwaka 1973, pale 315 Bowery, alikusudia ipigwe miziki ya Kimarekani ya kantri, bluugrasi na bluzi. Kilichoubadilisha ni sharti lake: bendi ipige nyimbo zake yenyewe, si za kuiga. Kijana asiye na jina wala mkataba akapata jukwaa, na wenzake wakaja kumsikiliza. Jamii ilijengwa hapo, nawe umelipitia jambo hilo kwa sentensi moja!

Halafu zile Jumapili mchana za hardcore, yaani roki ya punk yenye kasi na ukali, miaka ya 1980. Hata wanafunzi wa sekondari waliweza kuingia. Bad Brains, vijana weusi kutoka Washington, walipiga humo mwaka 1982 kwa kasi ya kutisha, na kwa sisi Waafrika tunaopenda roki hilo ni kubwa mno.

Mwimbaji wa roki Patti Smith alipiga onyesho la mwisho la ukumbi huo tarehe 15 Oktoba 2006, baada ya mgogoro wa kodi ya pango. Kristal akafariki mwaka uliofuata, na ukumbi ukageuzwa duka la nguo. Mastaa wameshahojiwa vya kutosha. Tafadhali watafuteni mafundi wa sauti, wahudumu wa kaunta na mashabiki wa Jumapili, waulizwe wangali hai.