PostgreSQL ikigoma kufungua data ya zamani, ina sababu

Ukiondoa toleo la 14 la PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ukaweka 17 na kuielekeza kwenye saraka (folda) ileile ya data, seva haiwaki. Ndani ya saraka kuna faili dogo liitwalo PG_VERSION, limeandikwa 14. Seva ya 17 ikilisoma inaishia hapohapo, bila kugusa kitu. Ndipo malalamiko yanapoanza: mbona MySQL, hifadhidata nyingine, inawaka tu?

Inawaka, kweli. Tangu toleo la 8.0.16, lililotoka 2019, seva yenyewe ndiyo inayopandisha majedwali ya mfumo inapowashwa juu ya saraka ya zamani. Kwa mwenye mashine moja na diski iliyojaa, hiyo si nafuu ndogo.

Ila ni tiketi ya kwenda tu. Saraka ya 5.7 ikishapanda kuwa 8.0 hairudi; anayeitaka ya zamani atafute bakapu (nakala ya akiba), kama alichukua. Kwa PostgreSQL, kila toleo kubwa lina saraka yake. Debian, aina mojawapo ya Linux, imeliweka hilo hadi kwenye njia ya saraka: /var/lib/postgresql/14/main, na pembeni yake 17/main. Chombo cha kupandisha toleo, pg_upgrade, kwa kawaida hunakili faili kwenda saraka mpya, ile ya 14 ikabaki ilivyokuwa. Saa nane usiku, ukigundua kabla watumiaji hawajaingia kwamba ripoti ya mishahara inatoa namba za ajabu, unazima 17 na kuwasha 14. Aliyewahi kukaa macho akisubiri bakapu irudi anajua thamani ya dakika hizo.

Gharama ni diski: data ya GB 400 inadai GB 400 nyingine. Wanaoikwepa huipa pg_upgrade chaguo la --link, saraka mbili zikashiriki faili zilezile, kazi ikaisha upesi. Lakini 17 ikishawashwa, 14 haiko salama tena. Umerudi kulekule kwa MySQL, safari hii kwa hiari yako.

Kwenye Docker, inayoendesha programu ndani ya vifurushi viitwavyo kontena, walalamikaji walikuwa na haki. Hadi toleo la 17, kontena rasmi iliweka data /var/lib/postgresql/data, njia isiyotaja toleo lolote. Ukibadili 16 kuwa 17, kontena inakufa, na saraka mpya haina pa kukaa. Kuanzia 18, ya 2025, data inakaa /var/lib/postgresql/18/docker, na volumu (hifadhi inayobaki hata kontena ikiondolewa) inafungwa ngazi ya juu, ili ya zamani na mpya zikae pamoja na --link ifanye kazi. Mabadiliko hayo yamevunja mafaili ya compose (maelekezo ya kuwasha kontena) ya watu wengi, nao wamenung'unika. Watumiaji wa Debian wameishi na mpangilio wa namna hiyo miaka mingi.