Kiyoyozi katika nyumba ya mawe ya Lamu: kitiwe au kiachwe?

Swali la kutia kiyoyozi nyumbani limeingia hata katika nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu. Wanaotaka kitiwe husema kuwa fukuto la mwezi wa tatu na wa nne, kaskazi inapokwisha na kusi haijashika, halihimiliki kwa mzee, kwa mgonjwa wala kwa mtoto mchanga. Wanaotaka kiachwe hujibu kwamba nyumba hizi zilijengwa na watu waliolijua joto vizuri, na kwamba mashine itaziharibu. Kila upande una haki yake, lakini mazungumzo mengi niyasikiayo huanzia bei ya mashine na kuishia hapo, ilhali jambo la kutazamwa kwanza ni ukuta.

Ukuta wa nyumba ya mawe ya Lamu umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake mara nyingi hukaribia nusu mita. Upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, ambazo hazibebi dari pana kupita mita tatu hivi, ndiyo maana msana, yaani ukumbi wa ndani ulio wazi upande mmoja, huwa mrefu na mwembamba. Madirisha ya kuelekea njiani ni machache. Mwanga na hewa huingia kwa kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani usioezekwa, kisha hupita msana mmoja baada ya mwingine hadi ndani, na baina ya sehemu hizo mara nyingi palitosha pazia. Kwa kuwa vichochoro ni vyembamba na nyumba hutiliana kivuli, jua halipati kuupiga ukuta kwa muda mrefu, na hewa ya moto inapopanda na kutokea juu ya kiwanda, hewa nyingine huvutwa kuingia mahali pake. Anayeingia nyumba hizi saa nane za mchana hahitaji kuelezwa zaidi.

Usiku mambo hubadilika, na hapa wanaoisifu nyumba ya mawe hunyamaza. Jiwe nene hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Katika nchi za jangwa, ambako usiku huwa wa baridi, ukuta wa namna hii hupoa kabla ya alfajiri. Lamu tofauti ya joto la mchana na la usiku ni nyuzi chache tu, tano au sita, kwa hiyo ukuta haupati nafasi ya kupoa sawasawa, na wakati wa kulala chumba cha ndani huweza kuwa na joto kuliko njiani. Wazee wetu walilijua hilo, na ndiyo sababu watu walipanda juu ya nyumba kulala penye upepo. Mzee ambaye miguu yake haimudu tena ngazi zile za juu hana njia hiyo, na haki yake ya kulala usingizi haipungui kwa sababu nyumba yake ni ya urithi. Kwangu hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote za upande wa kiyoyozi, na haijibiwi kwa kuwasifu wajenzi wa zamani.

Lakini tabia hiyo hiyo ya jiwe ndiyo inayokipa kiyoyozi kazi ngumu. Fundi anayepima ukubwa wa mashine kwa kuzidisha urefu na upana wa chumba, kama afanyavyo katika nyumba ya matofali ya saruji, anasahau dari iliyo juu sana na tani za mawe zilizokwisha kushiba joto tangu asubuhi. Mashine ikiwashwa saa tatu usiku, hewa hupoa upesi, lakini kuta huendelea kurudisha joto ndani kwa saa nyingi. Zaidi ya hayo, kiyoyozi kinataka chumba kilichofungwa, na misana haina mlango wa kufunga. Anayetaka kupoza nyumba nzima atalazimika kujenga viambaza, kutia vioo na kuziba matundu ya hewa, na baada ya kazi hiyo, siku stima ikipotea, nyumba itakuwa na joto kuliko ilivyokuwa kabla ya mashine kununuliwa. Kupoza chumba kimoja cha ndani ni jambo jingine kabisa, na tofauti hii haizingatiwi vya kutosha.

Kuna pia unyevu, ambao wauzaji wa mashine hawautaji. Katika miezi ya fukuto, hewa ya Lamu huanza kuacha maji inapogusa kitu chenye baridi ya chini ya nyuzi 24 hivi. Chumba kikipozwa hadi nyuzi 18 au 20 usiku kucha, kisha mlango ukafunguliwa asubuhi, hewa ya nje hutua juu ya mawe na boriti zilizo baridi na kuzilowesha, na ukungu mweusi hufuata. Chokaa ina uwezo wa kupokea unyevu na kuutoa. Plasta ya saruji na rangi ya mafuta haziuachi utoke, na nyumba nyingi zimekwisha kupakwa vyote viwili. Mawe ya matumbawe nayo yana chumvi ya bahari. Chumba kinapokaushwa na mashine, unyevu ulio ndani ya ukuta huvutwa kuelekea upande huo pamoja na chumvi yake, maji yakipotea chumvi huganda karibu na uso wa ukuta, na plasta huanza kumeguka. Ni uharibifu wa polepole, usioonekana mwaka wa kwanza, na kwa hiyo mwenye nyumba huona kwamba walioonya walitia chumvi tu. Mwenye kukitia kiyoyozi na asikiteremshe chini ya nyuzi 26 amejiepusha na sehemu kubwa ya madhara haya, na pia amepunguza matumizi ya stima.

Tukija kwenye gharama, hesabu ni rahisi. Mashine ndogo ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) hula takriban wati 800 inapofanya kazi kwa nguvu yote. Yuniti moja ya stima ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo kwa saa nane ni yuniti 6.4, na kwa mwezi ni zaidi ya yuniti 190. Mashine ya inveta, yaani inayopunguza nguvu yake chumba kikishapoa, iliyotunzwa vizuri inaweza kuishusha hesabu hiyo kwa karibu nusu. Feni ya dari ya wati 70 kwa saa hizo hizo haifikishi yuniti 17 kwa mwezi. Kwa bei ya takriban shilingi 30 kwa yuniti pamoja na tozo zake, tofauti ni kati ya shilingi 500 za feni na shilingi 3,000 hadi karibu 6,000 za kiyoyozi. Tena wateja wa nyumbani wa Kenya Power hupangwa katika madaraja kufuatana na matumizi yao, na mipaka ni yuniti 30 na 100 kwa mwezi. Nyumba iliyokuwa chini ya 100 ikivuka mpaka huo hulipa bei ya juu hata kwa taa na friji. Mashine yenyewe huvushwa kwa mashua kutoka Mokowe na kubebwa na punda hadi mlangoni, na hewa ya bahari itaanza kuila bila kuchelewa, kwa hiyo isiposuuzwa kwa maji matamu mara kwa mara haitadumu.

Katika nyumba za matofali za Malindi, na za Lamu zilizojengwa nje ya mji wa kale, uamuzi wangu ni mwingine. Nyumba ya mabati isiyo na dari haipaswi kutiwa kiyoyozi kabla ya kutiwa dari na kuachiwa njia ya hewa chini ya bati, kwa kuwa fedha za stima zitakuwa zikilipwa kupambana na bati lenyewe. Likisharekebishwa paa, na familia ikawa na uwezo, sioni sababu ya kumzuia mtu. Ukuta wa matofali ni mwembamba, chumba kina mlango, na hakuna boriti ya miaka mia mbili ya kuharibika.

Mkomani ninakubali chumba kimoja tu, kwa ajili ya mtu anayekihitaji kweli, baada ya feni ya dari kujaribiwa na matundu ya hewa yaliyozibwa kufunguliwa. Feni haipozi hewa, lakini huharakisha kukauka kwa jasho, na maadamu joto halijapita nyuzi 35, ambazo Lamu huzifikia kwa nadra, wengi wetu inatutosha. Kwa mgonjwa na kikongwe huenda isitoshe, na hao wasinyimwe. Mji wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, kwa hiyo kabla ya kutoboa ukuta wa nje mwenye nyumba azungumze na ofisi ya Makumbusho ya Taifa iliyopo Lamu. Mtambo wa nje ukae juu ya nyumba, usitundikwe kichochoroni ambako utawapulizia wapita njia joto na kumnyima jirani usingizi kwa mngurumo. Katika fukuto mashine ndogo inaweza kutoa karibu lita moja ya maji kwa saa. Maji hayo yapewe bomba hadi kwenye ndoo au shimo, na yafaa kwa kufulia na kusafishia sakafu. Fundi asiyeweza kuonyesha, kabla ya kushika keekee, maji yatapita wapi na mtambo utakaa wapi, asiruhusiwe kuanza kazi.