Mpanga Matokeo wa Kriketi: Afungiwe au Afungwe?

Katika kriketi, mrushaji anayekanyaga kupita mstari wa mbele wakati wa kuachia mpira huhesabiwa kosa, na timu inayopiga hupewa mkimbio mmoja, yaani pointi moja. Kosa hilo hutokea karibu kila siku ya mchezo: mwamuzi hunyoosha mkono pembeni, mpira ukarudiwa, mambo yakaendelea. Tarehe 26 Agosti 2010, katika uwanja wa Lord's jijini London, Mohammad Amir wa Pakistan, kijana wa miaka 18, alilifanya kosa hilo dhidi ya Uingereza katika mpira wa kwanza wa ova ya tatu (ova ni mfululizo wa mirusho sita), na mguu wake ulipita mstari kwa umbali uliowashangaza hata watangazaji. Mwenzake Mohammad Asif alilirudia katika mpira wa mwisho wa ova ya kumi, na siku iliyofuata Amir akakanyaga tena. Makosa yote matatu yalikuwa yametajwa mapema na wakala Mazhar Majeed, mbele ya mwandishi wa gazeti la News of the World aliyejifanya tajiri wa kamari na kumlipa pauni 150,000.

Wahusika waliadhibiwa mara mbili. Februari 2011, jopo la Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) lililoketi Doha lilimfungia nahodha Salman Butt miaka 10, mitano kati ya hiyo ikiwa ya masharti (isitekelezwe asipokosea tena), Asif miaka saba, miwili ikiwa ya masharti, na Amir miaka mitano. Novemba mwaka huohuo, mahakama ya Southwark jijini London ilimhukumu Butt kifungo cha miezi 30, Majeed miaka miwili na miezi minane, Asif mwaka mmoja, na Amir miezi sita katika gereza la vijana. Makosa yalikuwa kula njama ya kudanganya katika kamari na kula njama ya kupokea malipo ya rushwa. Tangu hapo mjadala haujafungwa: je, mchezaji aliyeuza mikimbio mitatu anastahili kulala gerezani, au chombo cha mchezo wake kinatosha kumwadhibu?

Wanaopinga gereza wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Kwanza, pesa zilizolipwa London zilikuwa za gazeti, na mahakamani hakuna mcheza kamari yeyote aliyetajwa kuwa alipoteza senti kwa sababu ya mguu wa Amir. Matokeo ya mechi hayakubadilika, kwani Uingereza ilishinda kwa tofauti kubwa mno. Pili, maisha ya mchezaji wa kulipwa ni mafupi, hivyo kumwondoa uwanjani kwa miaka mitano au kumi ni kumnyang'anya riziki aliyoiandaa tangu utotoni, adhabu ambayo karani au mfanyabiashara aliyepokea hongo huwa haipati kwa kiwango hicho. Tatu, vyombo vya michezo duniani vimejijengea kanuni, majopo na njia za rufaa, na mchezaji anapotia saini mkataba anazikubali. Wanauliza kwa haki kabisa: kwa nini dola iingie katika nyumba ambayo tayari ina mlinzi?

Jibu langu linaanzia kwenye mlinzi huyo na mipaka ya fimbo yake. ICC ilianzisha kitengo cha kupambana na rushwa mwaka 2000, baada ya kashfa ya Hansie Cronje, nahodha wa Afrika Kusini aliyepokea fedha za wachezesha kamari, na kitengo hicho kimefanya kazi ya maana. Hata hivyo, mamlaka yake yanaishia kwa waliotia saini: wachezaji, makocha, waamuzi na viongozi. Majeed, aliyepokea fedha, akapanga ratiba ya makosa na kuwaingiza wachezaji katika njama, hakuwa na cha kufungiwa na ICC, maana hakuwa anacheza. Jopo la Doha lisingeweza kuingia chumbani mwa mtu hotelini na kupekua. Polisi waliweza, na baadhi ya noti ambazo gazeti lilikuwa limeziwekea kumbukumbu walizikuta katika vyumba vya Butt na Amir, wala si kwa Asif. Kupekua, kuchukua simu, kudai taarifa za benki na kumlazimisha shahidi afike ni nguvu za dola, na bila nguvu hizo anayeadhibiwa ni yule aliye karibu na kamera, huku anayetoa fedha akitafuta kijana mwingine msimu ujao.

Kuhusu hoja kwamba hakuna aliyeumia, nadhani inaisoma vibaya biashara yenyewe. Makosa ya Lord's yalikuwa sampuli. Aliyetaka kununua mechi nzima au kipindi kizima cha mikimbio alihitaji kuthibitishiwa kwamba wachezaji wako mikononi mwa wakala, na hakuna uthibitisho mzuri kuliko kosa linalotokea katika mpira uleule uliotajwa. Ndiyo maana udogo wa tendo haupunguzi uzito wake. Mervyn Westfield wa klabu ya Essex ya Uingereza alilipwa pauni 6,000 mwaka 2009 ili aruhusu mikimbio 12 katika ova moja. Ikapatikana 10, na timu yake ikashinda mechi. Mahakama ilimfunga miezi minne mwaka 2012, kwa sababu rushwa ilikamilika pale alipokubali fedha, hata kama ubao wa matokeo haukuonyesha dosari.

Lakini sheria ya nchi nayo inaweza kushindwa vibaya, na India ndiyo shule ya jambo hilo. Mei 2013 polisi wa Delhi waliwakamata wachezaji watatu wa klabu ya Rajasthan Royals, akiwamo mrushaji wa timu ya taifa S. Sreesanth, kwa madai ya kukubali kuachia mikimbio kwa malipo katika IPL, ligi kuu ya kulipwa ya India. Kwa kuwa India haikuwa na sheria inayotaja upangaji matokeo kwa jina, waendesha mashtaka walichukua vifungu vya udanganyifu na hata sheria ya Maharashtra iliyotungwa kwa ajili ya magenge ya uhalifu. Julai 2015 mahakama iliwaachia washtakiwa wote 36. Sreesanth alibaki amefungiwa maisha na bodi ya kriketi ya nchi yake, hadi Mahakama ya Juu ilipotamka mwaka 2019 kwamba urefu wa adhabu uangaliwe upya, na ikapunguzwa kuwa miaka saba. Kisha Januari 2022, Mahakama Kuu ya Karnataka, katika shauri la ligi ya jimbo hilo, iliamua kwamba mchezaji anayepanga matokeo huenda amekosa uaminifu na nidhamu, ila hajatenda kosa la udanganyifu kwa maana ya sheria ya jinai, kwa kuwa mtazamaji hununua tiketi kwa hiari yake mwenyewe.

Wengi waliukasirikia uamuzi huo. Mimi naona jaji alifanya alichopaswa kufanya. Hakimu haruhusiwi kunyoosha kifungu mpaka kimfikie mtu anayemchukia, na nchi inayoshangaa washtakiwa wake kuachiwa inapaswa kuliuliza bunge lake kabla ya kuilaumu mahakama. Afrika Kusini ilielewa mapema: sheria yake ya kupambana na rushwa ya mwaka 2004 ina kifungu mahususi kuhusu michezo, na ndicho kilichomtia hatiani Gulam Bodi, aliyehukumiwa kifungo cha miaka mitano mwaka 2019 kwa kujaribu kupanga mechi za ligi ya nyumbani. Sri Lanka nayo ilipitisha sheria yake Novemba 2019, ya kwanza Asia Kusini, yenye adhabu ya hadi miaka 10 gerezani.

Hapa nafika kwenye sehemu inayonisumbua zaidi, nayo ni Amir. Mnyororo wa njama ile ulikuwa na ngazi: wakala juu, nahodha chini yake, na kijana wa miaka 18 mwishoni, mwaka mmoja tu tangu aanze kuichezea timu ya taifa. Katika kriketi nahodha ndiye anayeamua nani arushe, lini na mpaka lini. Kumkatalia nahodha ni kuhatarisha nafasi yako katika timu. Amir alikiri kosa, na jaji alizingatia umri wake na shinikizo alilokuwa chini yake. Kanuni za ICC za wakati huo, kinyume chake, ziliweka adhabu ya chini kuwa miaka mitano, na jopo la Doha halikuwa na njia ya kwenda chini ya hapo, ingawa lenyewe lilipendekeza kanuni zilegezwe kwa mazingira ya pekee. Kwa hiyo mahakama ya jinai, inayoogopwa kwa ukali, ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kupima hatia ya kila mmoja kwa kipimo chake. Wanaosema gereza ni ukatili na mchezo una huruma wanapaswa kulitazama jambo hilo kwa makini. Hata hivyo bado naamini kwamba kwa Amir miezi ile sita haikuongeza kitu ambacho kufungiwa hakukukitimiza. Alirudi kuichezea Pakistan mwaka 2016, na mwaka uliofuata alizivuruga ngome za India katika fainali ya Kombe la Mabingwa.

Upande mwingine wa mizani uko Cronje. Aprili 2000 polisi wa Delhi walitangaza kwamba wana rekodi za mazungumzo yake ya simu. Nahodha huyo wa Afrika Kusini alikana, kisha baada ya siku chache akakiri kupokea fedha. Tume ya Jaji King, iliyoundwa nchini mwake kuchunguza kashfa hiyo, ilimwahidi kinga ya kutoshtakiwa iwapo angesema ukweli wote. Kwa njia hiyo umma ulisikia mengi kwa haraka ambayo kesi ya jinai huenda isingeyatoa. Lakini tazama mgawanyo wa adhabu: Herschelle Gibbs, aliyekubali kwa nahodha wake dola 15,000 ili afunge chini ya mikimbio 20 huko Nagpur, India, kisha akafunga 74, alifungiwa miezi sita, Cronje alifungiwa maisha, na hadi alipokufa katika ajali ya ndege Juni 2002 hakuwa ametiwa hatiani na mahakama yoyote. Kinga inanunua ukweli, na wakati mwingine bei yake inafaa. Ila ingepaswa kupewa wadogo ili wamtaje mkubwa, badala ya kupewa aliye kileleni.

Lipo pia suala la ushahidi, ambalo mashabiki hulipita haraka. Mahakama ya jinai hudai kosa lithibitishwe bila kuacha shaka ya maana, ilhali jopo la mchezo linaweza kuridhika kwa kiwango cha chini ya hapo. Maurice Odumbe, aliyewahi kuwa nahodha wa Kenya, alifungiwa miaka mitano na jopo la ICC Agosti 2004 kwa kupokea fedha kutoka kwa mchezesha kamari wa India, naye alikana siku zote. Hakuna mahakama ya jinai iliyowahi kupima ushahidi ule. Sisemi jopo lilikosea. Nasema kwamba mtu aliyepoteza jina na riziki yake kwa kipimo hicho anastahili kujibiwa vizuri zaidi ya kuambiwa kwamba ndivyo mkataba ulivyosema.

Kwa hiyo ningezigawa kazi hizi mbili kwa uwazi. Mchezaji aliyefuatwa na wachezesha kamari akakaa kimya, kama Shakib Al Hasan wa Bangladesh aliyefungiwa miaka miwili mwaka 2019, mmoja ukiwa wa masharti, bila kudaiwa kuharibu mechi yoyote, abaki mikononi mwa ICC, maana polisi wakiingia hapo vijana wataogopa kuripoti hata walichochelewa kukisema. Anayepokea fedha na kutekeleza ashtakiwe, na sheria imruhusu hakimu kumwacha nje ya gereza akikiri mapema na kutoa ushahidi. Kifungo kirefu kiwekewe anayetoa fedha, wakala anayezipeleka na nahodha au kocha anayetumia cheo chake kuwaingiza walio chini yake. Bunge la India, ambako ligi ya kriketi yenye fedha nyingi kuliko zote inachezwa, lina maandishi ya uamuzi wa Karnataka mezani, na kosa linaloanza kwa kumtaja mtoaji fedha linaweza kuandikwa katika aya moja.